Barua ya Kiingereza Asome Mwenyewe



Wahariri wa kitabu chetu hiki cha mwaka wameniomba niandike machache juu ya lugha. Kwa kuwa tumetawanyika baina ya London, Portsmouth, Muscat, Dubai na Toronto, nimeona niseme juu ya kitu kinachoziingia nyumba zetu zote bila ya kupiga hodi, nacho ni nahau za Kiingereza. Yaani yale maneno ambayo ukiyachukua moja moja unayajua yote, lakini yakikaa pamoja hayakupi maana uliyoizoea. Sisemi juu ya Kiingereza cha dukani na cha kwenye basi. Nasema juu ya Kiingereza cha kusoma: barua, ripoti ya skuli, gazeti, na riwaya kwa anayezipenda.

Rai yangu naitanguliza hapa juu, ili asiyekubaliana nayo ajue mapema. Mtu mzima aliyekaa chuoni, akapita skuli hata kwa miaka michache, na akalelewa kwa methali na vitendawili vya kwao, anao ufunguo wa kutosha wa kuzifungua nahau hizi mwenyewe. Mtindo wetu wa kumpa mjukuu barua atusomee unatutia hasara. Na mtindo wa kumkataza mjukuu huyo Kiswahili, ati Kiingereza kimkae vizuri, unatutia hasara nyingine kubwa kuliko hiyo.

Nianze na kisa ambacho wengine wenu mmekwisha kukisikia harusini. Bibi mmoja katika jamaa zetu aliletewa ripoti ya skuli ya mjukuu wake, kijana wa miaka 13. Mwalimu aliandika kwamba umefika wakati wa kijana huyu "to pull his socks up". Bibi akamtaka kijana amsomee, naye akasoma: "Mwalimu anasema nivute soksi zangu juu." Hakusema uongo, kila neno alilifasiri kama lilivyo. Bibi akatoka siku ya pili akamnunulia jozi tatu za soksi ndefu, nzuri, zenye mpira imara. Ripoti ya muhula uliofuata ilikuja mbaya zaidi, ndipo baba yake alipokaa kitako na mwalimu na kuelezwa kwamba maneno yale maana yake ni kuwa kijana ajikaze, aache uvivu.

Watu wote walicheka na mimi nilicheka pamoja nao. Lakini tukimaliza kucheka tutazame nani alikuwa anajua na nani alikuwa hajui. Mtoto alizaliwa hapa, amesikia maneno hayo tangu darasa la kwanza. Alijua. Alichofanya ni kumpa bibi yake maganda akabaki na kokwa. Muhula mzima ulipotea, na katika muhula huo mwenye mamlaka ndani ya nyumba ile alikuwa mtoto, kwa sababu ndiye aliyekuwa ameshika maana ya barua.

Kisa cha pili hakichekeshi. Mzee mmoja alikuwa akiishi peke yake katika mji wa mbali na watoto wake. Jirani yake Mwingereza aliwaandikia kadi kuwaarifu kwamba baba yao amelazwa, na hali yake "is still touch and go". Kadi ile ilisomwa na watu wazima watatu. "Touch" ni kugusa na "go" ni kwenda. Basi wakaona maradhi yamemgusa mzee kidogo kisha yakaenda zake. Wakamshukuru Mungu, wakasema watasafiri mwisho wa wiki. Kumbe maneno yale hutumika pale jambo linapokuwa limening'inia, halijulikani litaangukia upande gani, na kwa mgonjwa ni baina ya kupona na kufa. Walimkuta hai na baadaye akapona, Alhamdulillahi, lakini zile siku mbili walizokaa nyumbani wakinywa chai hawajazisahau mpaka leo.

Wala kamusi haikuhitajiwa. Katika maneno yale mlikuwa na neno "still", yaani bado. Maradhi yaliyogusa yakaenda zake hayasemwi kwamba "bado" yamegusa yakaenda. Neno hilo moja lilitosha kumzuia msomaji. Kisha aulize: nani anaandika, na kwa nini? Huyu ni jirani ambaye hajapata kuwaandikia hata siku moja. Mtu wa namna hiyo hakai akatafuta kalamu, akanunua stempu, kwa ajili ya homa iliyokwisha kupita. Msomaji aliyejiuliza maswali hayo mawili, hata kama hakuipata maana kamili, angalijua kwamba habari ni nzito, akapiga simu usiku ule ule.

Kanuni ninayoishika katika kusoma, na niliyokuwa nikiwafundisha wanafunzi, ni kuamini kwanza kuwa mwandishi ana akili zake timamu. Ukisoma sentensi ukaona kwa maana yake ya wazi mwandishi anakuwa mjinga au mwendawazimu, basi aghlabu si yeye mwenye kosa, bali maana imejificha pengine. Usiikimbilie kamusi. Soma sentensi iliyotangulia na ile inayofuata, utazame watu waliomo wanafanya nini, wamefurahi au wamekasirika. Kisha tia maana yako ya kubahatisha mahali pa ile nahau, uisome tena aya nzima. Ikikaa vizuri, shikamana nayo mpaka utakapokutana na nahau ile mara ya pili kwenye kitabu kingine. Ikikataa mara ya pili, itupe utafute nyingine.

Haya si mageni kwetu. Waliopata kusoma balagha chuoni watakumbuka mlango wa kinaya, na mfano ambao kila mwalimu huutoa: mtu akisifiwa kwa Kiarabu kuwa ni "kathiru-r-ramad", yaani mwenye majivu mengi. Mtoto wa mjini akisikia hivyo atadhani nyumba ya mtu yule haifagiliwi. Mwalimu hutuchukua hatua kwa hatua: majivu mengi hutokana na kuni nyingi, kuni nyingi ni kwa sababu ya mapishi mengi, mapishi mengi ni kwa sababu ya wageni wengi, na wageni hawajazani ila kwa mtu karimu. Basi mwenye majivu mengi ni mkarimu. Hebu niambieni, akili iliyofunzwa kutoka kwenye majivu ikafika kwenye ukarimu, itashindwaje kutoka kwenye soksi ikafika kwenye bidii? Mtu anayevuta soksi zake juu anajiweka tayari, kama vile kwetu mtu anavyokunja mikono ya kanzu au kujifunga kibwebwe. Na kujifunga kibwebwe nako, mbona hatumwambii mtu akanunue kibwebwe?

Tulifunzwa pia, tulipofika katika Suratul Israa, kwamba mkono uliofungwa shingoni ni ubahili. Kiswahili kina mkono wa birika, na Mwingereza humwita bahili "tight-fisted", aliyekaza ngumi. Lugha tatu, na mkono ni mmoja usiotaka kufunguka. Tena mkono huo huo Kiswahili kimeupa kazi nyingine chungu nzima: tunaunga mkono, tunapeana mkono wa pole, mwizi ana mkono mrefu, na mtoto mtukutu tunasema hashikiki. Sasa mwalimu wa Kiingereza akiandika kuwa mtoto wako "is a handful", usifikirie konzi ya mchele ukadhani anasema mtoto ni mdogo. Ni hilo hilo la kutoshikika: mtoto anaijaza mikono ya anayemlea mpaka hapana nafasi ya kushika kitu kingine.

Nahau zenye kichekesho ndizo rahisi, kwa sababu hujitangaza zenyewe. Ukisoma kwamba mtu amefanya jambo "off his own bat", na wewe neno "bat" unalijua kuwa ni popo, unasimama mara moja, maana hapana mtu anayefuga popo. Hatari iko katika nahau ambayo maana yake ya wazi nayo inaingia akilini, ukapita juu yake bila kujua kuwa umepita. Ukisoma riwayani kwamba usiku wa kuamkia harusi yake bwana mmoja "got cold feet", na umekaa nchi ambayo mwezi wa Januari kila mtu miguu yake ni baridi, utaona habari ni ya kawaida. Kumbe bwana harusi ameingiwa na hofu anataka kukimbia.

Na hii ifuatayo ni mbaya zaidi kwetu, kwa sababu ya adabu zetu. Mgeni katika riwaya amekuja kuomba jambo, na mwenye nyumba "showed him the door". Sisi kwetu mgeni husindikizwa. Kumpeleka mpaka mlangoni ni heshima, na aliyemwacha mgeni atoke peke yake ndiye asiye na malezi. Basi msomaji wetu atampenda mwenye nyumba yule. Maana yenyewe ni kuwa amemfukuza. Lau Mwingereza angetaka kusema amemsindikiza angeandika "showed him to the door" au "saw him to the door"; kijineno kimoja tu, "to", ndicho kinachotenga heshima na fedheha. Asiyekiona kijineno hicho atazame kilichofuata. Mgeni yuko barabarani, kofia mkononi, uso umemwiva, wala hakuna aliyeagana na mwenziwe. Mgeni aliyesindikizwa hawi hivyo.

Njia nyingine ya kuipata maana ni kuuliza maneno haya yalikuwa ya kazi gani kabla hayajaingia vitabuni. Waingereza walikuwa watu wa bahari kama wazee wetu, na nahau zao nyingi zinanuka lami ya jahazi. "By and large", ambayo mtu huikuta karibu kila ukurasa wa gazeti, ni ya mabaharia wa matanga: "by" ni kwenda ukikaribiana na upepo unaotoka mbele, na "large" ni kwenda upepo ukiwa nyuma yako. Chombo kinachokwenda vizuri kwa hali zote mbili, pepo za omo na pepo za tezi, ni chombo kizuri kwa jumla. Na hiyo ndiyo maana yake leo, kwa jumla. "Taken aback" ni tanga lililopigwa ghafla na upepo kwa mbele likagandamana na mlingoti, chombo kikasita. Leo husemwa kwa mtu aliyeshtushwa na jambo akabaki hana la kusema. Nani katika sisi hakuwa na babu au mjomba aliyejua jambo hilo kwa mikono yake?

Wale wetu walioko Portsmouth wana bahati. Ipo pale meli HMS Victory, iliyoshushwa majini mwaka 1765, aliyokuwamo Nelson katika vita vya Trafalgar mwaka 1805. Wachukueni watoto wakaione, kisha muwahadithie nahau ya "to turn a blind eye". Nelson alipoteza uwezo wa kuona kwa jicho lake la kulia kwa jeraha alilolipata Calvi mwaka 1794. Mwaka 1801, katika vita vya Copenhagen, mkubwa wake Hyde Parker alimpigia bendera ya kumtaka arudi nyuma, na inasimuliwa kuwa Nelson aliiweka darubini kwenye jicho lile bovu akasema haoni bendera yoyote, akaendelea na vita. Sisi tunasema kulifumbia macho jambo. Mwingereza hakufumba, aliligeuzia jicho lisiloona.

Yule popo naye si popo. "Bat" hapa ni gongo la kuchezea kriketi, na aliyepata mikimbio kwa gongo lake mwenyewe hakusaidiwa na mwenziwe. Kwa hiyo kufanya jambo "off your own bat" ni kulifanya kwa hiari yako bila ya kutumwa. Watoto wa mitaa ya Unguja na Mombasa waliokuwa wakichungulia uwanjani wakiwatazama Wahindi na Wagoa wakicheza kriketi wangeijua nahau hii kabla ya sisi tulioijua kwa vitabu.

Kuna moja niipendayo kuliko zote. Mtu mwenye kinyongo, anayetafuta sababu ya kugombana, Kiingereza husema ana "a chip on his shoulder". Vijana wetu hapa wataona chipsi begani! Asili yake ni Marekani katika karne ya 19: mtoto aliyetaka kupigana aliweka kibanzi cha mti begani, akamwambia mwenziwe akiangushe kama ni mwanamume. Nilipolijua hilo nilikumbuka vichuguu viwili vya mchanga vya utotoni mwetu: hiki mama yako, hiki mama yangu, na atakayekipiga teke cha mwenziwe vita vimeanza. Watoto wa New York na watoto wa Forodhani hawakuonana, lakini ugomvi wao ulihitaji kibali cha namna moja.

Nahau nyingine zimetoka vitabuni, na hapa baadhi ya jamaa zetu husita kwa sababu kitabu chenyewe ni Biblia. Tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611 imeingia katika maandishi yao kama methali zilivyoingia katika maongezi yetu. "The writing on the wall", dalili ya maangamizi inayokaribia, ni kisa cha mfalme Belshaza katika kitabu cha Danieli, aliyeona mkono unaandika ukutani akiwa katika karamu. Kunawa mikono kwa jambo usilotaka lawama zake ni kisa cha Pilato, na sisi wenyewe tunasema "nimenawa mikono" bila ya kujua wapi maneno yametoka. Kukijua kisa si kubadili dini.

Mwingine ni Shakespeare. Mtu asiyefahamu chochote katika alichosomewa husema "it's all Greek to me", na sisi tungesema ametoka kapa. Maneno hayo yanajulikana sana kwa tamthilia ya Julius Caesar, ile ambayo Mwalimu Nyerere aliitoa kwa Kiswahili mwaka 1963. Uzuri wake ni kwamba mle tamthiliani anayesema ni Casca, naye anaeleza habari za Cicero aliyekuwa akisema Kigiriki kweli! Basi lililokuwa kweli tupu katika kinywa cha kwanza limekuwa fumbo katika vinywa vilivyofuata.

Sasa niwatahadharishe kidogo wale wenye ndugu pande mbili za Atlantiki, maana Kiingereza si kimoja. "To table" jambo katika mkutano, kwa Mwingereza ni kulileta mezani lijadiliwe sasa hivi. Kwa Mmarekani ni kuliweka kando lisijadiliwe. Churchill ameeleza katika kumbukumbu zake za Vita vya Pili vya Dunia jinsi maofisa wa nchi hizo mbili walivyobishana kwa muda mrefu na kwa ukali juu ya karatasi moja ambayo Waingereza walitaka "to table", hata wakagundua kuwa pande zote zilikuwa zinataka kitu kimoja. Vyama vyetu vya jamaa vinavyoandikiana baina ya London na Chicago juu ya michango ya maziko vijihadhari.

Najua nitaambiwa kwamba siku hizi hapana haja ya tabu yote hii, kwani simu ya mkononi inafasiri. Ni kweli, na zimekuwa hodari. Nahau mashuhuri nyingi zitakupa maana yake papo hapo. Siwakatazi. Lakini simu hukujibu unapoiuliza, na asiyehisi kuwa hapa pana fumbo hatauliza. Watu watatu wa kadi ile walikuwa na simu mifukoni. Hawakuziuliza kwa sababu walidhani wamefahamu. Kamusi nazo zina tabu yake: kamusi za kawaida hupanga neno moja moja, na nahau ya maneno manne hujui uitafute chini ya neno lipi. Zipo kamusi za nahau peke yake, kama ile ya Brewer iliyotoka kwanza mwaka 1870 na ya Longman ya mwaka 1979, nazo ni tamu kuzisoma hata bila ya kutafuta kitu. Kila nyumba yenye nafasi iwe nayo moja. Kiwe ni kitabu cha kuhakikishia ulichokwisha kubahatisha.

Nimefika kwenye jambo ambalo najua litawaudhi baadhi yenu, nao ni watu ninaowapenda. Zipo nyumba zetu ambazo mtoto akisema Kiswahili hukemewa. Wazazi hudhani kichwa cha mtoto ni kama kikapu: ukikijaza muhogo, hapana nafasi ya ndizi. Mimi katika miaka yangu ya kufundisha niliona kinyume chake. Mwanafunzi aliyekuja darasani na vitendawili vingi vya nyumbani, aliyezoea kuambiwa "tega" akakaa akapekua akilini, huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kusita mbele ya nahau ya Kiingereza na kusema, "Mwalimu, hapa pana kitu." Yule aliyelelewa kwa maneno ya wazi tu, kula, lala, vaa viatu, alipita juu ya nahau kama mtu anayekanyaga zulia asijue chini yake pana shimo.

Mwaka jana mjukuu mmoja alisikia watu wakimsifu babu yake kuwa amekula chumvi nyingi. Mtoto alifazaika, akauliza daktari amesema nini juu ya presha ya babu. Ni mtoto mwenye akili, tena mwenye huruma, na Kiingereza chake ni safi. Lakini amekaa mbele ya lugha ya babu yake kama vile yule bibi wa soksi alivyokaa mbele ya ripoti. Kila mmoja wao ameshika kamba upande mmoja. Mtoto anajua nini maana ya soksi na hajui chumvi. Bibi anajua chumvi na hajui soksi. Mtu angedhani jambo la kawaida ni wakae pamoja wabadilishane. Badala yake tumemfanya mtoto tarishi wa barua, na bibi tumemfanya mtu wa kuitikia kichwa.

Kwa hiyo nashauri hivi, kila nyumba ifanye kwa kadiri yake. Barua ikifika kwa mtu mzima, asome mwenyewe kwanza, hata kama itamchukua nusu saa, na achore mstari chini ya pale anapoona mwandishi anasema jambo lisiloingia akilini. Hapo tena amwite mjukuu. Asimwambie "nisomee"; amwambie "mimi naona hapa anakusudia kadha, wewe unaonaje?" Mtoto akijua kuwa bibi ameisoma barua, soksi hazitanunuliwa tena. Na kila mtoto anapotoa maana ya nahau moja ya Kiingereza, apewe ya Kiswahili aifungue naye, bila ya kusaidiwa haraka. Mpeni "tezi na omo marejeo ni ngamani". Hatajua tezi ni nyuma ya chombo, wala omo ni mbele, wala ngama ni mle chini ndani ambamo maji hukusanyika. Mwelezeni chombo tu, mchoreeni, kisha nyamazeni mumwache atafute mwenyewe kwa nini maji hata yaingie wapi hurudi pale pale. Iwe ni Jumapili jioni, au usiku wa Ramadhani baada ya tarawehe, watu wakiwa na kahawa na tende mbele yao.

Ili msiseme nimewapa kazi bila ya vifaa, nawaachia tatu za kuanzia, kila moja na majirani zake. Katibu wa chama alieleza utaratibu mpya wa michango mara tatu, watu wakimtazama tu. Mara ya nne mzee mmoja wa pembeni akapiga paja akaangua kicheko, hapo "the penny dropped". Fundi aliyepewa ukuta wa wiki mbili aliumaliza kwa siku nane, saruji kidogo, mchanga mwingi; mvua ya kwanza ulipoanguka mwenye nyumba alisema fundi huyu "cut corners". Na ndugu wawili hawakusemezana miaka saba, mpaka siku ya maziko ya mama yao walipopeana mikono mbele ya kaburi "and buried the hatchet". Majibu siyaandiki. Hii ya tatu imetoka kwa wenyeji wa asili wa Marekani, kwa hiyo walioko Toronto na Chicago waanze wao.